Je, Wajua? Kujiamini Huja Baada ya Kujaribu

Je, wajua kwamba nyoka wametufundisha mengi kuhusu kujiamini? Mwaka 1969, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliwatibu watu waliowaogopa nyoka kupita kiasi. Kwanza watu hao walimtazama mwingine akimshika nyoka, kisha wakamgusa wamevaa glovu, mwishowe kwa mkono mtupu. Karibu wote walipona, na wapo waliojikuta wakithubutu mambo mengine kabisa.

Je, wajua vyanzo vinne vya kujiamini alivyovitaja Bandura mwaka 1977? Kufaulu wewe mwenyewe, kumwona mwenzako akifaulu, kutiwa moyo, na jinsi unavyoichukulia hali ya mwili wako. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza.

Je, wajua kwamba mazoezi hubadili ubongo? Mwaka 2004, watafiti wa Ujerumani waliwapima watu waliojifunza kwa miezi 3 kurusha na kudaka mipira mitatu. Sehemu za ubongo zinazofuatilia vitu vinavyotembea zilikuwa zimenenepa. Walipoacha mazoezi, zikaanza kupungua.

Je, wajua kwamba moyo hudunda kwa woga na kwa furaha vilevile? Mwaka 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard aligundua kwamba waliojiambia “nimechangamka” kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia “nimetulia”.

Je, wajua kwamba watu hawakutazami kama unavyodhani? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, wakaingia chumbani wakiona haya. Walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangemtambua mwimbaji huyo. Waliomtambua ni kama robo tu.

Je, wajua kwamba kujisifu kunaweza kuumiza? Mwaka 2009, mwanasaikolojia Joanne Wood wa Kanada aliona kwamba wanaojidharau, wakirudiarudia “mimi ni mtu wa kupendwa”, hujisikia vibaya zaidi.

Je, wajua namna bora ya kumsifu mtoto? Mwaka 1998, wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa akili walivunjika moyo waliposhindwa. Waliosifiwa juhudi waliendelea kupambana.

Kwa hiyo, usingoje woga uishe ndipo uanze. Leo vaa glovu, uguse. Mkono mtupu utafuata.