Mashine Isiyokaa Peke Yake

Katika kompyuta kongwe zinazokusanywa siku hizi na watu wenye mapenzi ya vitu vya kale, hakuna jinsi inayomdanganya mkusanyaji kwa sura yake kama kompyuta za kazi, yaani zile mashine zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970 hadi mwisho wa karne iliyopita kwa ajili ya wahandisi, wanasayansi, wasanifu wa majengo na watengenezaji wa filamu, ambao kompyuta ndogo ya nyumbani haikuwatosha, na ile kubwa ya kujaza chumba walichoka kuipangia foleni. Mtu huipata moja katika ghala la chuo, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya meza ya maonyesho na kijikaratasi cha jina na mwaka, akadhani amehifadhi kitu. Nami muradi wangu hapa ni kueleza kwa nini huyo aghalabu huwa amehifadhi ganda tu, kwani mashine hizi tokea asili ziliundwa zifanye kazi kwa jamaa.

Asili yenyewe ni ya mwaka 1973, pale maabara ya Xerox mjini Palo Alto, California, walipotengeneza mashine iliyoitwa Alto, yenye kipanya, yenye skrini iliyoweza kuchora herufi na picha nukta kwa nukta, na yenye waya wa Etheneti wa kuiunganisha na wenzake. Na waya huo, ambao wasimuliaji wengi huutaja mwisho kabisa, haukuja baadaye kuwa pambo la nyongeza, bali ulizaliwa katika nyumba moja na Alto na katika zama zile zile. Mwaka 1982, ilipoanzishwa kampuni ya Sun Microsystems kuuza mashine aliyoisanifu Andy Bechtolsheim alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, jina la kampuni lilitokana na herufi za mwanzo za jina la mtandao wa chuo hicho, na wito wake mashuhuri, uliotungwa na John Gage, ulidai kuwa mtandao ndio kompyuta. Wengi waliyachukulia maneno hayo kuwa ni ya wachuuzi, lakini mwenye kuzifungua mashine zenyewe huona kuwa mchuuzi, kwa mara moja katika maisha yake, alisema kweli tupu.

Apollo ya Massachusetts ilitangulia kidogo katika biashara hiyo, na Silicon Graphics ya Jim Clark ikaja na ustadi wa kuchora maumbo ya pande tatu, ustadi uliowapa ngozi na mwendo dinosauri wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Ila habari za kampuni moja moja zingetupeleka mbali, na mwisho wao haukutofautiana sana: kompyuta za kawaida zilipata nguvu kwa bei ndogo, Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010, na jengo moja lililokuwa likitumiwa na Silicon Graphics huko Mountain View leo ni Makumbusho ya Historia ya Kompyuta.

Na tutazame kwa karibu mashine moja, SPARCstation SLC, iliyotolewa na Sun mwaka 1990, ambayo wakusanyaji huistahabu kwa unadhifu wake: waiona skrini tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, wala huoni sanduku lolote kando, kwani ubao mzima wa saketi umepachikwa nyuma ya skrini ile ile, bila diski ndani yake. Mwenye kuinunua akaiwasha nyumbani hupata mistari michache ya maandishi, kisha kimya, akalalamika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Kumbe mashine ni nzima, inangoja kujibiwa. Iwashwapo bila diski, SLC hunadi katika waya wa mtandao anwani yake ya Etheneti, namba ya tarakimu 12 isiyopaswa kufanana na ya mashine nyingine yoyote duniani, ikiuliza ni nani aijuaye. Seva, ambayo msimamizi ameiwekea orodha ya anwani hizo, huijibu kwa kuipa namba ya kutumia mtandaoni. Ndipo SLC huomba programu ndogo ya kuanzia, ikaipokea kipande kwa kipande, na programu hiyo nayo ikautafuta mfumo endeshi wenyewe, uliomo katika diski ya seva, chumba kingine, pengine ghorofa nyingine, ambao tangu hapo hadi jioni SLC huusoma kwa mbali kana kwamba ni mali yake. Aliyenunua SLC pekee ni sawa na aliyenunua usukani akidhani amenunua jahazi.

Na hata mwenye seva hukwama, kwa sababu ya chipu moja ndogo aina ya M48T02, ambayo ndani ya gamba moja la plastiki imekusanya saa, kumbukumbu kidogo na betri ya lithiamu. Humo ndimo Sun walimoweka anwani ya Etheneti na namba ya utambulisho wa mashine, na betri ile ilikadiriwa kudumu takriban miaka 10, muda ambao kwa wahandisi wa wakati ule ulikuwa dahari, kwani nani angeitumia kompyuta ya miaka 10? Betri ikifa, mashine hutangaza kwamba utambulisho wake si sahihi, na pahala pa anwani hutoa herufi f zilizofuatana tangu mwanzo hadi mwisho. Hata ikinadi katika waya, hainadi jina lolote ambalo seva inalijua.

Dawa yake ni upasuaji. Chipu huchomolewa katika soketi yake kwa subira, ncha hii kidogo na ncha ile kidogo, maana miguu yake 24 hupinda kwa pupa ndogo tu. Kisha, kabla ya lolote jingine, hunakiliwa namba iliyomo katika kibandiko cha juu yake, kwa kuwa kibandiko hicho mara nyingi ndicho shahidi pekee aliyebaki wa utambulisho wa asili, nacho kikishaguswa na tupa kimekwisha. Fundi hukwangua ukingo wa plastiki pole pole, mpaka ndani ya ulimbo mgumu vimetemete vipande viwili vya chuma, ndivyo vinavyoipeleka nguvu ya betri kwenye kumbukumbu. Huvikata vitengane na betri mfu, kwani ikiachwa imeunganishwa itaidhoofisha mpya. Akalehemu nyaya mbili nyembamba, chanya na hasi, na kuzipeleka kwenye kishikio cha betri ya kidonge aina ya CR2032, ile ile inayouzwa madukani kwa ajili ya funguo za magari. Tangu hapo betri ikifa hubadilishwa kwa ukucha.

Kazi haijaisha, kwani kumbukumbu sasa ni tupu, na anwani sharti irudishwe kwa mkono, mbele ya neno “ok” ambalo Sun huandika inapomngoja mtu aiamuru. Tarakimu 6 za kwanza, 080020, ni za kampuni, tarakimu 6 za mwisho ni za mashine yenyewe, na mwishoni hufuata namba ya uhakiki inayotokana na hesabu ya zote zilizotangulia, hata ukikosea tarakimu moja mashine hukukatalia yote. Wako wanaobuni anwani yoyote iwajiayo kichwani, na mashine huikubali maadamu hesabu ni sawa. Mimi jambo hilo naliona ni ghushi, dogo lakini ni ghushi: programu nyingi za uhandisi zilifungwa zisikubali kuendeshwa ila katika mashine yenye utambulisho fulani, na aliyeubadilisha ameifunga milango ambayo pengine ufunguo wake ungali katika diski ya zamani.

Ama diski hiyo, kama ipo, ndiyo ya kushughulikiwa mwanzo kuliko yote, inakiliwe nzima kabla hujafikiria rangi ya kasha, kwa kuwa kasha lina mengine mfano wake na kazi ya mwenye mashine haina. Maradhi mengine yamezoeleka kwa kila fundi: kapasita za mwisho wa miaka ya 1980 huvuja maji yenye harufu kama ya samaki na kuila shaba ya ubao, mipira ya ndani ya viendesha tepu hugeuka utomvu, plastiki hupata umanjano, ambao wengine huuondoa kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga, na ambao mimi huuacha. La kusikitisha zaidi ni kipanya cha Sun, kilichosoma mwendo wake kwa taa juu ya kibao maalumu cha chuma chenye mistari, kwani watu waliookoa kipanya wakakitupa kibao kwa kudhani ni kipande cha bati, wameokoa kitu kisichotembea.

Tukija kwenye maonyesho, ile kompyuta ya NeXT ambayo Tim Berners-Lee aliifanya kuwa seva ya kwanza ya wavuti pale CERN, Geneva, imewahi kuwekwa mbele ya watazamaji ikiwa imezimwa, na ubavuni mwake karatasi yenye wino mwekundu inawasihi watu wasiizime. Siwalaumu walioionyesha hivyo, kwa kuwa kitu cha pekee namna ile hakihatarishwi. Bali nawasifu watu wa CERN kwa yale waliyofanya mwaka 2013, walipoirudisha tovuti ya kwanza katika anwani yake, na mwaka 2019, walipoijenga upya programu ya kwanza ya kuisomea, ili ionekane kazi na si sanduku. Huko Seattle, makumbusho ya Paul Allen yaliyofunguliwa mwaka 2012 yalikwenda mbali zaidi, yakimruhusu mgeni aketi na kuzitumia mashine zenyewe. Yalifungwa mwaka 2020, na baadaye vitu vyake vikaanza kuuzwa mnadani, na hasara hiyo sijaona aliyeifidia.

Mwenye SLC hahitaji makumbusho. Kompyuta ndogo ya bei nafuu ya leo, ikikaa chini ya meza, hutosha kuwa seva, mradi kijikaratasi kiseme waziwazi kuwa iko na ya mwaka gani, na haja ya kuificha haipo. Mtazamaji apewe ruhusa ya kuuchomoa waya wa mtandao yeye mwenyewe wakati programu inaendelea: aombapo faili, kazi itasita, na skrini itaandika kwamba seva haijibu na kwamba mashine ingali inajaribu; akiurudisha waya, utatokea mstari mwingine wa kusema kuwa seva i salama, na kazi itaendelea kutoka pale pale iliposita.