Nipeleke mpaka boda

Njia panda ya kwenda Kasumulu, Kosta ya kutoka Mbeya inashusha abiria wachache kisha inaendelea na safari ya Kyela mjini. Mama mmoja anabaki barabarani na furushi la vitenge na mabeseni ya plastiki yaliyopachikwa moja ndani ya jingine. Vijana wanne wa pikipiki wanamzunguka kwa pamoja. Anamchagua mmoja, anamkabidhi furushi lifungwe nyuma kwa mpira, anapanda. "Nipeleke mpaka boda," anasema.

Sentensi hiyo nimeisikia Kyela mara nyingi bila kuitilia maanani, hadi siku nilipojaribu kumfafanulia mgeni anayejifunza Kiswahili. Yeye alifunguka macho kabla yangu. "Si umesema mpaka ni boda?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mbona mama amesema mpaka mpaka?"

Swali zuri. Neno letu la asili hapo limekuwa kiungo tu, linafanya kazi ya hadi, na cheo chake cha zamani kimekaliwa na neno la Kiingereza, border. Waingereza nao walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, na kwao lina shughuli nyingi: pindo la kitambaa, maua yaliyopandwa kandokando ya uwanja, mstari unaozunguka ukurasa, kisha ndipo mwisho wa nchi. Mapindo na maua hayakufika kwetu. Ilifika ile maana ya mwisho, na ilifika kwa mkataba.

Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin kugawana maeneo yao. Huku kwetu, kati ya Tanzania na Malawi za leo, mstari ulifuata ufuko wa Ziwa Nyasa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe, ukapanda na mto. Kaskazini yake walikuwa Wanyakyusa, kusini yake Wangonde wa Karonga, watu ambao lugha zao zinakaribiana kiasi kwamba wataalamu huzihesabu kuwa moja. Kwa Kiswahili wangesema tu kwamba wanapakana, na kupakana ni neno la watu waliokaribiana: shamba langu linapakana na lako maana yake tunaonana kila asubuhi. Boda haikuja na uhusiano wa namna hiyo. Ilikuja na geti.

Tena ni boda isiyotulia. Songwe ikifika tambarare za Kyela hujipinda na kujipindua, na mafuriko makubwa huihamisha kabisa njia yake. Mkulima hulala shamba lake likiwa ng'ambo hii, akaamka maji yamepita upande wa pili. Ziwani nako maneno ni yaleyale. Malawi inaushikilia mkataba wa 1890 na kusema mstari uko ufukoni kwetu. Tanzania inasema uko katikati ya maji. Hata jina la ziwa hawakubaliani: huku Nyasa, kule Malawi. Mvuvi wa Matema anayetega nyavu usiku hana boya la kumwonyesha mstari huo.

Wakati hayo yakiendelea, neno lenyewe lilikuwa limeshapanda baiskeli mahali pengine. Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kulikuwa na kipande cha njia baina ya kituo cha nchi moja na cha nchi nyingine. Vijana wenye baiskeli wakawa wanawavusha watu na mizigo, wakiita abiria kwa kutaja safari yenyewe: boda, boda. Baadaye pikipiki ikachukua nafasi ya baiskeli, jina likabaki, likasambaa hadi miji isiyo na mpaka wowote wa nchi. Ndipo likafika Kyela, likakuta boda ya kweli inalisubiri, na vijana ambao tayari walikuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka njia panda hadi Kasumulu. Kazi ya Busia ilikuwepo hapa. Jina ndilo lililokuwa safarini.

Leo ukitaka kujua mtu anasema boda ipi, sikiliza sarufi yake. "Boda yangu imeharibika" ni pikipiki. "Boda wangu amechelewa" ni kijana anayeiendesha, naye kaingia katika ngeli ya watu bila kuombewa ruhusa. "Niko boda" ni Kasumulu nzima: maduka, malori yaliyopanga foleni, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha yaliyofungwa kwa mipira. Na "boda imefungwa" ni neno la kutia homa. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mchele, ndizi, tangawizi na mahindi kuingia kutoka nje. Mwezi wa Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya kilimo ya Malawi. Zuio letu halikudumu. Lakini mzigo wa ndizi hausubiri mawaziri waelewane. Unaiva palepale kwenye lori.

Wapo walimu wanaoliwekea boda kalamu nyekundu na kuandika mpaka pembeni. Nawaheshimu, ila hapa nadhani wanakosea. Mpaka hautoshi kubeba yote hayo, na wala haukuombwa. Lililokuja kama jina la kizuizi, watu wamelifanya jina la chombo cha kukifikia kizuizi, na la mtu anayekupeleka. Sijui kama kuna neno jingine la kukopa tulilolitiisha kiasi hicho.

Mara ya mwisho nilipopita Kasumulu nilipanda nami pale njia panda. Nikamwambia kijana nilichozoea kusikia: nipeleke mpaka boda. Alikuwa akivuta mpira kuzunguka begi langu, hakuinua kichwa.

"Ya huku au ya ng'ambo, mzee? Maana ya ng'ambo mimi naishia getini. Daraja utavuka kwa miguu, kule utapata boda mwingine."