Karte ya Manjano na Zamiri ya Msafiri

Hapa Mubi, katika eneo la Walikale, watu husafiri mbali kuliko wazee wetu. Mfanyabiashara anakwenda Kampala, mseminari anatumwa Nairobi kwa masomo, mama anaitwa na mtoto wake aliye Ulaya. Mara nyingi wanapita kwanza kwa padri au kwa mwalimu wa dini na kuuliza: «Karte ya manjano tunayoombwa ni kitu gani? Na mtu akiinunua bila kuchomwa shindano, ni zambi?» Maswali haya ni mawili. Tunajibu yote mawili, kwa maana la pili halieleweki vema bila la kwanza.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Homa ya manjano huenezwa na mbu: anamuuma mgonjwa, halafu anamuuma mtu mzima wa afya na kumwambukiza. Wengi hupona. Lakini wengine ini lao linaharibika, macho na ngozi vinageuka rangi ya manjano, damu inawatoka, na karibu nusu ya hao hufa. Dawa ya kuua ugonjwa huo haijapatikana. Chanjo iko, tena ni nzuri: Max Theiler aliifanyiza katika miaka ya 1930, akapewa tuzo la Nobel mwaka 1951. Shindano moja linatosha kwa maisha yote.

Basi kwa nini nchi za wengine zinatuomba ushuhuda? Kwa sababu Kongo ni kati ya nchi zenye ugonjwa huu. Mwisho wa mwaka 2015 homa ya manjano ilianza Luanda, katika Angola, nayo mwaka 2016 ikavuka mpaka na kuingia kwetu. Mwaka huohuo wafanyakazi 11 waliotoka Angola waliufikisha mpaka China, na wengine wawili waliufikisha Kenya. Asia ina mbu wa namna ileile na watu wengi wasiochanjwa, lakini ugonjwa haujapata makao huko. Mgonjwa mmoja anayeshuka katika ndege aweza kuwa mlango. Karte ni kufuli la mlango huo.

Pili, sheria za karte. Tuziseme waziwazi, kwani wengi wamerudishwa mpakani kwa kosa dogo.

Majina yawe sawasawa na yale ya paspoti. Iandikwe tarehe ya chanjo, jina la kiwanda na namba ya dawa. Munganga atie sahihi, kituo kitie muhuri, na mwenye karte atie sahihi yake mwenyewe. Karte iliyofutwafutwa au kuachwa nusu yaweza kukataliwa.

Karte huanza kuwa na nguvu siku ya 10 baada ya shindano. Anayechanjwa leo na kupanda ndege kesho hajatimiza sheria.

Tangu tarehe 11 Julai 2016 karte ina nguvu kwa maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Anayekudai feza za «kuifanya upya» kwa sababu miaka imepita anakudanganya.

Mwaka 2016, dawa ilipokuwa haba, mamilioni ya watu wa Kinshasa walipewa sehemu moja ya tano ya kipimo. Iliwakinga na ugonjwa, lakini haihesabiwi kwa safari za nje; hao sharti wachomwe kipimo kizima.

Vilevile kadi ya mtoto aliyechanjwa katika dispansere si karte ya kimataifa. Hii hutolewa na vituo vilivyoruhusiwa na serikali, na kwa kawaida viko katika miji mikubwa. Kwetu hapo ndipo penye taabu. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, Bukavu mwezi wa Februari, na njia tulizozoea zikawa ngumu. Upande wa Kisangani pia ni safari ndefu yenye matope. Kwa hiyo anayejua kwamba atasafiri asingoje viza. Aanze miezi kabla, aulize pia ubalozi kama nchi ile inaomba chanjo nyingine, kama ya polio.

Sasa swali la zamiri. Sisi wenyewe, tukitafuta karte mjini, tuliambiwa: «Padri, lete franga na majina, kesho utaipata. Shindano la nini?» Aliyesema hivyo hakuona haya, na hiyo ndiyo hatari. Karte ile ni ushuhuda: munganga anashuhudia kwamba huyu amechanjwa. Kama hakuchanjwa, ni ushuhuda wa uongo, kinyume cha amri ya nane. Tena inagusa amri ya tano, kwa maana mnunuzi anaweka hatarini uhai wake na wa watu watakaompokea.

Lakini tusihukumu haraka. Wako waliolipa bila kujua, wakifikiri karte ni kama risiti ya kodi. Hao ni watu waliodanganywa. Tuwashauri waiache karte ile, wakachomwe kweli. Na anayesitasita kama alikwisha kuchanjwa asiogope: kuchomwa mara ya pili hakumdhuru mtu wa afya. Mgonjwa ambaye mwili wake ni zaifu sana, mwenye mimba, na aliyepita miaka 60, waseme kwanza na munganga. Kama chanjo haiwafai, atawaandikia barua ya kueleza sababu. Barua hiyo ni njia ya haki, ingawa kila nchi ina uhuru wa kuikubali ao kuikataa.

Ndugu walimu wa dini, mambo haya mwaweza kuyatangaza baada ya sala ya Dominika, kwa maneno machache: chomwa kwanza, hesabu siku 10, soma karte yako kabla ya kutoka kituoni, iweke pamoja na paspoti mahali pasipofika mvua. Na mtu akisema «wote wananunua», mjibuni kwamba mbu haulizi muhuri.