Termostati ya Tanuru ya Risasi Ikiharibika

Wenzangu wanafunzi, na waalimu wetu pia, risasi ninayosema hapa si ile ya bunduki. Hapa Bunia mtu akitaja hilo neno tu, watu wanageuza kichwa, na sababu yake tunaijua wote. Mimi ninasema juu ya madini yenyewe, ile plombu nzito inayotoka katika batri za magari, ambayo mafundi wanaiyeyusha ili kutengeneza vichwa vya batri na mizigo midogo ya nyavu.

Wengi wanaiyeyusha juu ya mbabula kwa makala. Lakini karakana moja ya mtaa wetu wa Nyakasanza iko na tanuru ndogo ya umeme: sufuria ya chuma, rezistansi chini yake, na termostati pembeni. Termostati inasikia joto. Joto likifika pale ulipoweka, inakata umeme, likishuka, inaurudisha. Risasi safi inayeyuka kwa digri 327, na kwa kumimina katika forma, digri 370 ao 400 inatosha. Sasa ile tanuru ikaanza kupita. Kifungo kiko kwa 380, lakini jioni sufuria inaonekana nyekundu gizani. Chuma kikiwa chekundu vile, joto limepita digri 500.

Pale ndipo hatari inaongezeka sana. Risasi inapozidi joto hilo, inatoa moshi mwingi ambao pengine huuoni wala kuusikia harufu, na watoto wanaocheza karibu wanauvuta. Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kipimo cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa hakina madhara: inaharibu ubongo. Kule Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha batri za zamani kiliwatia watu sumu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama Phyllis Omido alifanya kazi mule, mtoto wake akagonjwa, naye akaanza kupigana. Alipata zawadi ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 korti ya Mombasa iliamua wakaaji walipwe bilioni 1.3 za shilingi ya Kenya.

Basi, namna ya kutafuta kosa. Kwanza chomoa waya katika prizi. Si kuzima kifungo tu: kuchomoa kabisa. Acha sufuria ipoe.

Tazama sonda, ile ncha inayosikia joto. Inapaswa kushikamana na sufuria. Kama imetoka mahali pake, ao uchafu umeingia katikati, inasikia hewa baridi na kuomba moto bila kukoma. Kosa hili ni la kawaida, na dawa yake ni turnevisi tu. Fuata pia ule mrija mwembamba unaotoka kwenye sonda. Ndani yake kuna maji yanayotanuka kwa joto. Mrija ukipasuka yanatoka, na termostati inafikiri ni baridi siku zote. Huo hautengenezeki, nunua nyingine. Na kama tanuru inatumia termokupli yenye waya mbili, angalia hazikubadilishwa upande: zikigeuzwa, joto likipanda kipimo kinashuka, na tanuru haitazima hata siku moja.

Kisha kontakti. Peleka kifungo kwa sifuri na upime kwa multimetri, waya bado iko nje ya prizi. Ikionyesha njia imefungwa, kontakti zimeshikana kwa kuungua. Rezistansi ya wati 2000 kwa volti 220 inavuta karibu ampere 9, na kila siku kontakti inatoa cheche. Watu wanazisugua kwa msasa. Mimi sioni faida, maana unaondoa ile ngozi nzuri ya juu na kosa linarudi upesi. Afadhali termostati mpya, yenye kuweza ampere nyingi zaidi. Kama shida ni kinyume, tanuru haipati moto kabisa, pima rezistansi: ile ya wati 2000 inapaswa kuonyesha karibu omu 24. Isipoonyesha kitu, imekatika, na termostati haina kosa.

Sehemu ninayoipenda ni hii. Ukikosa kipimo cha joto, risasi yenyewe inaweza kuwa kipimo. Tulijifunza katika fizika kwamba kitu safi kinapoganda, joto lake linasimama mpaka chote kigande. Basi yeyusha risasi laini, zima, na ngoja nusu iwe ngumu na nusu maji. Wakati ule ni digri 327. Zungusha kifungo polepole mpaka usikie «tek», halafu piga alama pale. Lakini tumia risasi safi! Ile ya nyavu za ndani za batri mara nyingi imechanganywa na antimoni, na mchanganyiko ule unaanza kuyeyuka chini zaidi, hata kwa digri 252, kwa hiyo alama yako itadanganya.

Fundi mmoja alitaka kuunga waya moja kwa moja na kutupa termostati. Hapana kufanya vile. Heri kurudi kwa mbabula ukiwa umekaa hapo na kuangalia, kuliko umeme usio na mlinzi. Hapana kutia kipande chenye maji katika risasi iliyoyeyuka, hata tone moja la mvua: maji yanakuwa mvuke mara moja na risasi inaruka machoni. Vipande vipya vitiwe sufuria ikiwa bado baridi.

Ile vumbi ya manjano inayobaki juu ni sumu hata tanuru ikiwa baridi. Anayekwenda kusaidia karakana siku ya posho, anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula, na nguo zile hapana kuzileta katika chumba cha kulala. Nitaangalia mlangoni.