Vinyama vya Pua na Kazi Inayobaki Baada ya Kisu

Mtu wa Kianjai, katika Tigania Magharibi, ambaye pua yake imezibwa na vinyama miaka na mikaka, hata akawa hulala kinywa wazi na hatambui kwa harufu kwamba chakula kinaungua jikoni, akiisha kukusanya nauli na gharama za hospitali, akaishika barabara ya Meru, au akalazimika kufika hata Nairobi, kisha akarudi anavuta pumzi kwa tundu zote mbili, hana lawama akidhani kuwa maradhi yamekwisha. Kilichokwisha ni kizuizi tu.

Vinyama hivi kwa kawaida si saratani (ingawa kinyama cha upande mmoja peke yake hakina budi kuchunguzwa), bali ni utando wa ndani ya pua na wa yale matundu ya mifupa ya uso yaitwayo sainasi, uliovimba kwa mchochota wa muda mrefu, ukajaa majimaji, ukaning'inia mfano wa zabibu zilizomenywa. Abulkasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyeishi yapata miaka elfu moja iliyopita, alivivuta kwa kulabu na kuvikata. Tabibu wa leo huingiza darubini nyembamba na kuifungua milango ya sainasi kwa ustadi mkubwa zaidi. Lakini asili ya mchochota imo katika kinga ya mwili wenyewe, nayo haifikiwi na kisu. Huko Ubelgiji, wagonjwa 38 walipochunguzwa miaka 12 baada ya upasuaji, 30 walionekana kuwa vinyama vimewarudia, na 14 walikuwa wamekwisha kupasuliwa tena.

Basi faida kubwa ya upasuaji, kwa rai yangu, ni kuifungulia dawa njia. Dawa yenyewe ni ya kupuliza puani, ya jamii ya steroidi, nayo hutumiwa kila siku kwa miezi na miaka, hata siku ambazo mgonjwa haoni dhara lolote. Na hapa ndipo wengi hukosea, maana chupa huwekwa kando mara pua inapofunguka. Wanaoliogopa jina la steroidi wafahamu kuwa kipimo cha kupuliza ni kidogo sana kikilinganishwa na cha vidonge. Inamisha kichwa kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili dawa ielekee upande wa sikio wala isiuchubue ukuta wa katikati.

Kabla ya kupuliza, pua huoshwa kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha robo lita. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Ya mtoni, ya kisimani au ya tangi yasiingizwe puani mabichi, kwa kuwa yaweza kuwa na kijidudu, nadra lakini cha kuua, kipandacho hadi ubongoni.

Moshi wa kuni, tumbaku na vumbi la kiangazi huuchokoza utando uleule, kwa hiyo jiko lenye tundu la kutolea moshi ni sehemu ya tiba. Mwenye pumu aitibu kwa bidii, kwani pumu na vinyama hufuatana. Na wako ambao aspirini huwabana kifua na kuwazidishia vinyama, nao wamwambie daktari kabla ya kumeza kidonge chochote cha maumivu. Marekani iliidhinisha sindano ya dupilumab kwa vinyama mwaka 2019, lakini bei yake ni balaa kwa mkulima.

Dalili ya kwanza ya kurejea mara nyingi ni kupotea tena kwa harufu, kabla pua haijaziba. Aionaye asingoje hadi msimu wa mavuno upite: vinyama vikiwa bado vidogo, daktari aweza kuongeza dawa vikanywea bila kisu.