Masikio Yanavuma na Kichwa Kinazunguka: Je, ni Sigara ya Umeme?

Katika kuzunguka nyumba kwa nyumba, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tumekuwa tukipokea malalamiko ya aina moja, hasa kwa vijana. Mmoja anasema masikio yanalia usiku kama nyenze. Mwingine anasema anasikia jenereta ya mbali, lakini akiuliza wenzake hakuna anayeisikia. Wengine wakiinuka asubuhi inabidi washike ukuta kwanza. Ukikaa nao na kuwauliza polepole, baadhi yao wanatoa mfukoni kifaa kidogo kama kalamu au kama kiberiti cha gesi. Ni sigara ya umeme.

Katika toleo hili tutaeleza uhusiano ulioko kati ya kifaa hicho na masikio yako, sababu nyingine zinazoleta dalili hizo hizo, na lini usingoje hata siku moja kufika kituo cha afya.

SIKIO LINAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi wanafikiri sikio ni la kusikia tu. Sikio lina kazi mbili. Ndani kabisa, ndani ya mfupa wa kichwa, kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Hicho ndicho cha kusikia. Karibu nacho kuna mifereji mitatu midogo yenye maji. Hiyo ndiyo inayoueleza ubongo kichwa kinapogeuka au kuinama. Ndiyo maana kuvuma kwa masikio na kizunguzungu mara nyingi huja pamoja: viungo hivyo ni majirani, na damu yao inapita kwenye mshipa mmoja mwembamba sana.

Ndani ya konokono ile kuna chembechembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa, haziwezi kuota tena kama nywele za kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Zinapoumia, ubongo unakosa sauti uliyoizoea na mara nyingine unajitengenezea mlio wake wenyewe. Mlio huo si majini, na si mtu aliyekutupia kitu. Ni ishara kwamba kuna jambo mwilini linalohitaji kuangaliwa.

SIGARA YA UMEME NI NINI?

Ni kifaa chenye betri kinachochemsha maji maalumu mpaka yawe mvuke, na mtu anauvuta mvuke huo. Kifaa cha namna tunachokijua leo kilitengenezwa China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik. Ndani ya maji hayo kuna nikotini, ile ile iliyoko kwenye tumbaku, pamoja na gliserini, kemikali nyingine na manukato ya maembe, minti au peremende. Kwa sababu kinanukia vizuri na hakina moshi wa kukohoza kama sigara ya kawaida, kijana anadhani anavuta hewa tu.

Sivyo. Kifaa kimoja cha kutumia na kutupa kinaweza kubeba nikotini sawa na ya pakiti nzima ya sigara au zaidi. Sigara ya kawaida ikiisha, imeisha. Unajua umevuta moja. Kifaa hiki hakikuambii uache. Unavuta ukipika, ukicheza karata, ukiwa kitandani. Vilevile, vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali vimekuta nikotini hata kwenye vifaa vilivyoandikwa kwamba havina.

KWA NINI INALETA KIZUNGUZUNGU?

Hapa jambo liko wazi. Nikotini hufanya moyo uende mbio, hupandisha presha ya damu na hubana mishipa midogo. Ikizidi mwilini, mtu anapata kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, kuumwa kichwa na moyo kudunda. Anayeanza kuvuta huipata haraka, na anayevuta bila kupumzika huipata pia. Hali huwa mbaya zaidi kwa mtu ambaye hajala au hajanywa maji ya kutosha, na wengi wetu tunajua siku ambazo posho imekwisha kabla ya mwezi kwisha.

NA MLIO WA MASIKIO?

Hapa lazima tuseme ukweli kama ulivyo. Kuhusu sigara ya kawaida, utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba wavutaji hupoteza usikivu na hupata mlio wa masikio zaidi kuliko wasiovuta. Kuhusu sigara ya umeme, wapo watumiaji waliolalamika kuhusu mlio, na sababu ya kuishuku ipo: nikotini inabana mishipa, na sikio la ndani linategemea mshipa mwembamba mmoja. Lakini bado haijathibitishwa kwamba mvuke wenyewe ndio unaoleta mlio. Kwa hiyo tunasema INAWEZEKANA, hatusemi NI LAZIMA.

Kutothibitishwa hakuna maana kwamba kifaa ni salama. Mwaka 2019 huko Marekani watu waliovuta mvuke walianza kufika hospitali wakishindwa kupumua. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi, yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Mvutaji hakujua kilichomo. Na wewe unayenunua kwa kificho, hujui pia.

USIILAUMU SIGARA PEKE YAKE

Kijana mmoja niliyemtembelea alikuwa na mlio na kizunguzungu kwa wiki tatu. Mama yake alikuwa ameanza kutafuta pesa za kumpeleka kwa mganga wa kienyeji. Tulipozungumza, ilionekana anavuta kifaa tangu asubuhi, analala na visikilizi masikioni, na anakula mara moja kwa siku. Ni kipi kilichomdhuru? Huenda vyote vitatu. Muuguzi alimpima na kumshauri aache kifaa na apunguze sauti. Baada ya mwezi kizunguzungu kiliisha. Mlio ulipungua, lakini usiku kukiwa kimya bado anausikia. Aliniambia, "Ningalijua mapema."

Sababu nyingine zinazoleta dalili hizi ni hizi:

1. Kelele. Spika kubwa kwenye vibanda vya sinema na ibadani, mashine ya kusaga, jenereta, na visikilizi vya simu vilivyofunguliwa mpaka mwisho. Ukitoka mahali penye kelele na masikio yanalia, sikio limeumizwa.

2. Dawa. Kwinini, ambayo bado hupewa baadhi ya wagonjwa wa malaria, inajulikana sana kwa kuvumisha masikio na kuleta kizunguzungu. Kwa kawaida mlio huisha ukimaliza dawa. Aspirini nyingi huleta mlio pia. Sindano za streptomaisini na jentamaisini zinaweza kuharibu sikio kabisa. USIKATE DAWA MWENYEWE. Rudi kwa aliyekuandikia umweleze. Yeye ndiye atakayeamua.

3. Upungufu wa damu. Ni wa kawaida kwa wajawazito, kwa watoto na kwa aliyeugua malaria mara kwa mara. Mara nyingine mlio wake hupiga kwa mapigo, pamoja na moyo.

4. Presha ya damu, ya juu au ya chini.

5. Nta iliyojaa sikioni, au sikio linalotoa usaha.

6. Njaa, kiu, kukosa usingizi na mawazo mengi. Aliyepitia vita na kupoteza watu wake anaweza kuusikia mlio kwa ukali zaidi. Huo si wazimu, na msaada wa ushauri nasaha upo.

UFANYE NINI?

Kwanza, nenda kituo cha afya uangaliwe masikio, presha na damu. Sema kila kitu: dawa unazotumia, za hospitali na za kienyeji, na kama unavuta. Wengine wanaficha kwa sababu hapa Uganda sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za umeme na shisha, na inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21. Mhudumu wa afya si polisi. Anauliza ili akutibu, na anapaswa kukutunzia siri yako.

Pili, acha kifaa, nawe uandike kwenye daftari kila siku: leo mlio ulikuwaje, kizunguzungu kilikuja mara ngapi, ulikula nini. Usikate tamaa siku za mwanzo. Mwili uliozoea nikotini huidai: utakuwa na hasira, kichwa kitauma, usingizi utapungua, na hata kizunguzungu kinaweza kuongezeka kidogo. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya wiki mbili mpaka nne. Usirudi kwenye sigara ya kawaida au ugoro ili kupoza hamu. Nikotini ni ile ile.

Tatu, kunywa maji, usikae na njaa kama kuna chochote cha kula, na inuka kitandani polepole: kaa kwanza, kisha simama. Kizunguzungu kikikushika, keti chini palepale. Usipande boda-boda kama dereva wala usikaribie jiko la moto.

Nne, punguza sauti ya simu iwe kidogo zaidi ya nusu, na uyapumzishe masikio. Kama mlio unakunyima usingizi, redio ya sauti ya chini chumbani husaidia kuliko kimya kabisa.

USIFANYE HAYA

- Usiingize njiti, unyoya wa kuku, ufunguo wala pamba ya kijiti sikioni.
- Usitie mafuta ya moto, mkojo wala maji ya majani sikioni.
- Usinunue dawa ya matone dukani kabla sikio halijaangaliwa. Ikiwa ngoma ya sikio imetoboka, dawa nyingine hudhuru.

DALILI ZA HATARI: NENDA LEO, USINGOJE KESHO

- Sikio moja au yote mawili kuziba na kutosikia ghafla. Tiba hufaa zaidi katika siku za mwanzo. Anayengoja mwezi mara nyingi anachelewa.
- Mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kutotamkika.
- Homa pamoja na uvimbe nyuma ya sikio, au shingo kukakamaa.
- Kuzimia, kifua kuuma au kushindwa kupumua.
- Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba au masikio kuvuma. Hiyo inaweza kuwa presha ya ujauzito, na inaua mama na mtoto.

KWA WAZAZI

Maji ya kifaa hiki ni sumu kwa mtoto mdogo, na yananukia kama peremende. Kiasi kidogo tu akikinywa kinaweza kumletea kutapika, mate kutoka mengi, degedege, hata kifo. Akiyanywa, msafishe mdomo, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, mkimbize kituoni pamoja na chupa au kifaa chenyewe. Yakimmwagikia, mvue nguo na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni.

Na ukimkuta kijana wako na kifaa, usianze na fimbo. Akipigwa atajificha, na anayejificha haji kituoni. Muulize kwanza: "Masikio yako yakoje? Unalala?" Mama wa kijana yule alianza hivyo, na ndipo mwanawe akakitoa mfukoni.

Mvutaji mjamzito aache leo hii. Nikotini inamfikia mtoto tumboni na inaudhuru ubongo na mapafu yake yanayokua.

Ndugu msomaji, kuangaliwa kituoni hakuna malipo. Kama huwezi kutembea kwa sababu ya kizunguzungu, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako, atakuja. Msomee na jirani asiyejua kusoma, umwelezee kwa lugha yake.

Kinga ni bora kuliko tiba.