Barafu ya Utaridi haina upande wa giza

Kila barafu ya Utaridi inapotajwa, swali huwa lilelile: sayari iliyo jirani zaidi na Jua itakuwaje na barafu? Na kabla mtaalamu hajafungua kinywa, mtu ameshamjibia: ipo upande usioona jua.

Upande huo haupo. Zamani wanaastronomia wenyewe waliamini kwamba Utaridi imeligeuzia Jua uso mmoja daima. Mwaka 1965 Gordon Pettengill na Rolf Dyce waliipiga sayari hiyo kwa rada ya Arecibo, Puerto Rico, wakakuta inajizungusha mara moja kila siku 59 hivi, ilhali mwaka wake ni siku 88. Maana yake, pande zote za ikweta hupata zamu ya kuchomwa, na joto la mchana hufikia nyuzi 430 za Selsiasi. Barafu iliyotegemea usiku ingetoweka kukipambazuka. Zaidi ya nusu karne imepita tangu jambo hili lithibitishwe, na bado hadithi ya upande wa giza inasimuliwa kana kwamba ni elimu. Iachwe!

Siri iko kwenye mhimili. Dunia imeinama digrii 23. Utaridi haifikishi hata sehemu ya kumi ya digrii moja. Kwa hiyo kwenye ncha zake Jua halipandi, linatambaa tu kwenye upeo, na ukingo wa kreta unatosha kulizuia. Hewa ya kusambaza joto hakuna. Katika kreta ya Prokofiev, yenye upana wa kilomita 112 karibu na ncha ya kaskazini, sehemu ya sakafu iliyo chini ya ukuta wa kusini haipati mwanga kamwe, na barafu imelala pale juujuu, bila kifuniko. Kwingineko, kwenye vivuli visivyo na baridi kali kiasi hicho, imefunikwa na tabaka jeusi lenye unene wa sentimita 10 hadi 20.

Rada ziliiona mwaka 1991. Chombo cha Marekani, MESSENGER, kikaithibitisha mwaka 2012 kwa kupima nyutroni zinazotoka ardhini.

Anayetaka kuitazama sayari yenyewe aangalie chini magharibi jua likishazama, au mashariki kabla halijachomoza. Darubini isielekezwe huko Jua likiwa juu ya upeo: macho yataungua. Barafu haitaonekana kwa darubini ya nyumbani. Picha za MESSENGER zinapatikana mtandaoni bila malipo. Vipimo vipya vitaletwa na BepiColombo, chombo cha Ulaya na Japani kilichorushwa Oktoba 2018.